Kuchagua Bodi na Rangi ya Motokaa ya Mashindano

Kijana akitaka kutengeneza motokaa ya mashindano, jambo la kwanza linalomjia moyoni ni sura yake. Kabla hajauliza injini ina nguvu gani wala breki zikoje, ameshaiona katika mawazo yake ikipanda mlima wa Bugarama, nyekundu kama moto, ina bawa nyuma na michirizi ubavuni. Mimi simlaumu. Nimefanya kazi ya bodi na rangi katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tangu nilipoondoka shuleni kwetu, na najua ya kuwa sura ndiyo inayowavuta watu wengi kwenye kazi hii. Walakini nataka kueleza katika kurasa hizi kwamba bodi na rangi si mapambo. Bodi ni nyumba ya watu wawili ambao huenda wakapinduka siku wasiyoijua, na rangi ni sauti yao ya kuitia msaada. Mtu atakayezichagua kwa kufuata macho tu atakuwa amelipa fedha nyingi kwa kitu kisichomfaa siku ya taabu.

Nimeshika kalamu kwa sababu vijana wanne waliosoma hapa wameanzisha chama chao kidogo, wamechanga fedha, na wako karibu kununua motokaa. Fedha zao hazitoshi kufanya kila kitu, nao wamegawanyika. Wawili wanataka kupe ya milango miwili, bawa kubwa na rangi ya kumetameta. Wawili wanataka saluni ya kawaida, na fedha itakayobaki itiwe katika kizimba cha vyuma ndani yake. Waliniomba niwaamue. Naona afadhali nieleze mambo yenyewe moja baada ya moja, ili wao, na wengine wenye nia kama yao, wapime wenyewe. Mwisho nitasema mimi ningechagua nini.

Kwanza tufahamu mashindano yenyewe. Hapa Burundi, kama kwa jirani zetu wa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, mashindano ya motokaa yanayopendwa sana na watu ni ya rali. Motokaa hazizunguki kiwanjani zikifukuzana. Huondoka moja moja, kila moja na saa yake, katika njia za kawaida zilizofungwa kwa muda. Ndani mna watu wawili, dereva na msomaji wa njia. Njia zenyewe ni udongo, mawe na mitaro, na kando yake ni migomba, mashamba au genge. Basi, anayechukua mfano wa motokaa za viwanja vya lami vya Ulaya, ambazo tumbo lake karibu liguse chini, anavaa nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Tena nchi yetu ina jambo lake. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita kama 775 juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya Bugarama, baada ya kilometa thelathini na kitu tu umepita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika tano, na injini isiyo na taabo hupungukiwa nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Injini iliyopimwa pwani ikawa na nguvu za farasi 100, ikifika Bugarama hutoa kama 80 tu. Kwa hiyo kila kilo isiyo na kazi katika bodi ni mzigo anaoubeba mgonjwa akipanda mlima. Twataka bodi nyepesi, na papo hapo twataka bodi isiyovunjika. Hapo ndipo penye kazi ya kuchagua.

Historia ya mashindano ya Safari yaweza kutufundisha. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Njia zake zilikuwa mbaya mno. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na mara hii pia zikafika 7. Sasa tuulize: ni motokaa za umbo gani zilizofika? Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Mwaka 1962 Volkswagen ikashinda tena, safari hii ikiendeshwa na Tommy Fjastad pamoja na Bernhard Schmider. Peugeot 404, motokaa ya milango minne iliyotumiwa na watu kubebea jamaa na mizigo yao, ilishinda mara nne: mwaka 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 kwa mikono ya Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Dar es Salaam.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha tumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Umbo la motokaa ile lilikuwa limepitwa na wakati. Lilitokana na Volvo iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1944, yenye mgongo wa duara na vioo vidogo. Hapana mtu aliyeisifu kwa uzuri. Lakini bati lake lilikuwa nene na viungo vyake imara, na ilipofika mwisho ilikuwa imewaacha wengine nyuma mbali sana.

Nisiwafiche upande wa pili. Datsun 240Z, ambayo ni kupe hasa, ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Kwa hiyo si kweli kwamba kupe haiwezi. Lakini nyuma ya motokaa zile kilikuwapo kiwanda kizima, na mafundi wenye vipuri tayari njiani. Kijana wa Bujumbura akivunja mlango wa kupe isiyo ya kawaida atangoja meli kutoka Japani.

Haya, sasa tuangalie maumbo tunayoweza kuyapata kwa bei ya kadiri. Yako manne. Iko saluni, yenye milango minne na buti lililojitenga. Iko hechibaki, motokaa fupi ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo. Iko kupe, ya milango miwili mirefu na paa linaloteremka. Na iko stesheni wagoni, ambayo paa lake hufika mpaka nyuma kabisa.

Saluni ina faida moja ambayo watu hawaioni. Katika saluni nyingi nyuma ya kiti cha nyuma pana bati au vyuma vilivyochomelewa kukata bodi kutoka ubavu hadi ubavu. Vyuma hivi huizuia bodi isijisokote, kama vile sanduku lenye kifuniko lisivyojisokota kwa urahisi kuliko sanduku lililo wazi. Hechibaki ina tundu kubwa nyuma, kwa hiyo bodi yake huhitaji kusaidiwa zaidi na kizimba. Lakini ni nyepesi, na pua yake na mkia wake ni vifupi, haigusi ardhi inapovuka mtaro. Kupe ina milango mirefu na mizito, na shimo la mlango mrefu ni udhaifu ubavuni. Stesheni wagoni ina bati na vioo vingi nyuma, uzito ambao hauna kazi katika mashindano.

Jambo jingine ni urefu kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Toyota Starlet ya miaka ya 1990 ina sentimeta 230. Subaru Impreza ya miaka hiyo ina sentimeta 252. Motokaa fupi hugeuka upesi katika kona za mlimani zinazojikunja kama nyoka, lakini katika njia iliyonyoka yenye mawimbi hurukaruka na kumchosha dereva. Motokaa ndefu hutulia. Volkswagen ile niliyoitaja ilikuwa na sentimeta 240, na Peugeot 404 sentimeta 265, na zote zilishinda. Maana yake ni kwamba hapana kipimo kimoja kilicho bora. Kuna kipimo kinachofaa njia zako na mikono yako.

Tena kuna habari ya usukani. Burundi twapita upande wa kulia wa barabara, walakini motokaa nyingi zinazotujia kutoka Japani zina usukani upande wa kulia. Katika njia iliyofungwa hilo halidhuru. Lakini rali ina safari ndefu za kutoka sehemu moja ya mashindano kwenda nyingine, katika barabara zenye malori na baiskeli zilizobeba ndizi. Dereva aliyeketi kulia haoni mbele ya lori mpaka motokaa yake imeshatokeza nusu nzima. Msomaji wa njia, aliyeketi kushoto, ndiye anayeona. Chagueni bodi yenye kioo cha mbele kipana na nguzo nyembamba, na mpatane mapema maneno ya kuambiana.

Basi umeshachagua umbo. Sasa unakwenda kuitazama motokaa yenyewe. Usitazame rangi. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa, uipitishe juu ya milango na mabavu. Pale ambapo sumaku haishiki, chini ya rangi pana puti. Kisha inama utazame chini: sakafu, vizingiti vya milango, na mahali ambapo shokamzoba hushikana na bodi. Gonga kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu hutoa sauti ya kufa. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nimeona motokaa iliyometameta kama sahani mpya, na kidole changu kikapita katika sakafu yake.

Puti yenyewe ina hesabu yake. Rangi ya motokaa nzima, ikipigwa vizuri, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimeta, na uzito wake wote ni kilo chache. Lakini puti ya unene wa milimeta 5 juu ya nusu mita ya mraba, yaani kadiri ya mlango mmoja, peke yake ina uzito wa kilo kama nne. Tena katika njia ya mawe hupasuka na kuanguka vipande vipande. Kwa motokaa ya mashindano ni afadhali mlango uliopigwa nyundo ukabaki na mawimbi kidogo kuliko mlango laini uliojaa puti.

Ama kuhusu bawa la nyuma, nalo tulipigie hesabu. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Tuchukue bawa zuri lenye eneo la sehemu mbili ya kumi ya mita ya mraba. Katika mwendo wa kilometa 140 kwa saa hukandamiza motokaa kwa kiasi cha kilo kama kumi na saba. Katika mwendo wa kilometa 70 kwa saa, ambao ni mwendo wa kweli wa njia za milimani, hukandamiza kwa kilo nne tu, uzito wa kuku wawili. Huenda bawa lenyewe na vyuma vyake likawa na uzito zaidi ya huo. Motokaa za mabingwa wa dunia zina mabawa kwa sababu mwendo wao ni mwingine. Motokaa ya mwanafunzi wa mchezo huu ina bawa kwa sababu ya picha.

Sasa nifike kwenye kizimba cha vyuma, ambacho wengine hukihesabu kuwa kitu mbali na bodi. Hakiko mbali, ndicho mifupa yake. Motokaa ikipinduka, nguzo za kiwandani hukunjika na paa huwashukia vichwani walio ndani. Sheria za FIA, chama kinachosimamia mashindano ya motokaa ulimwenguni, zinataka upinde mkuu wa kizimba uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimeta 45 na unene wa milimeta 2.5, au kipenyo cha milimeta 50 na unene wa milimeta 2. Bomba la maji halifai, hata likiwa nene, kwa kuwa lina mshono na hupasuka mahali pake. Na kuchomelea kwake si kazi ya kila mwenye mashine. Hiki ndicho kitu kimoja katika bodi ambacho hupaswi kukipunguzia bei.

Nikija kwenye rangi, nianze na historia yake, maana wengi hudhani rangi za motokaa za mashindano zilitokana na kupenda tu. Mwaka 1900, katika mashindano ya kombe la Gordon Bennett, kila nchi ilipewa rangi yake: Ufaransa buluu, Ujerumani nyeupe, Marekani nyekundu, na Ubelgiji, ambayo baadaye ilikuja kutawala nchi yetu hadi mwaka 1962, ilipewa manjano. Uingereza ilishika kijani mwaka 1903, mashindano yalipofanyika Ireland. Nyekundu baadaye ikawa ya Italia. Japani walipoingia katika miaka ya 1960 walikuja na nyeupe yenye duara jekundu la jua, na Honda ya namna hiyo ilishinda Mexico mwaka 1965. Desturi hiyo ilianza kufa mwaka 1968, pale timu ya Lotus ilipoacha kijani cha Uingereza na kuvaa rangi za kampuni ya sigara iliyowalipa. Tangu hapo motokaa ikawa ubao wa matangazo. Lakini tangu mwanzo kazi ya rangi ilikuwa moja: mtu aliye mbali ajue mara moja ni nani anayekuja.

Kazi hiyo kwetu ni kubwa zaidi, kwa kuwa kwetu watazamaji husimama kando ya njia yenyewe, wakubwa kwa watoto, na hapana ukuta unaowakinga. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasaidia katika mashindano fulani huko milimani. Motokaa moja ya kijani kibichi na boneti nyeusi iliteleza katika kona ikashukia migombani. Haikwenda mbali, labda hatua ishirini tu chini ya njia. Motokaa tatu zilizofuata zilipita. Madereva wake hawakuwa wakatili, hawakuona kitu. Msomaji wa njia alikuwa amebanwa mguu, na dereva alikuwa amezimia. Aliyewaokoa ni mtoto mchunga mbuzi aliyekimbia njiani akipunga shati lake. Shati lile lilikuwa la manjano. Tangu siku hiyo mteja akiniomba kijani cha majani humweleza habari hii kwanza.

Jicho letu lina tabia zake. Mchana huona kwa wepesi zaidi rangi iliyo kati ya kijani na manjano. Jua likizama, jicho hubadilika, na rangi nyekundu hufifia kabla ya nyingine zote mpaka ikaonekana kama nyeusi. Jambo hili lilielezwa katika karne ya 19 na mwalimu mmoja wa Bohemia, Jan Purkyně, na kila mmoja wenu aweza kulijaribu kwa kutazama ua jekundu na jani lake wakati wa magharibi. Kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili, na giza huingia upesi. Motokaa nyekundu tupu, inayopendeza sana saa sita mchana, saa kumi na mbili na robo ni kivuli. Zaidi ya hayo vumbi la milima yetu ni jekundu. Nyeupe tupu nayo huonekana vizuri juani, lakini hupotea katika ukungu wa Bugarama. Kwa hiyo hapana rangi moja inayotosha. Yafaa rangi mbili zinazopingana, moja nyeupe au ya mwanga, nyingine ya nguvu, katika vipande vikubwa. Michirizi myembamba na maua madogomadogo huyeyuka machoni ukiwa umbali wa mita hamsini.

Vijana wengi hutaka rangi za bendera yetu, na hilo ni jema. Lakini tuitazame bendera yenyewe kwa makini. Ina nyekundu juu na chini, ina kijani kushoto na kulia, na kati yake umepita msalaba mweupe wa mshazari, wenye duara la nyota tatu. Nyekundu na kijani hazigusani. Kwa fundi wa rangi hilo ni somo zuri, kwa maana nyekundu na kijani zikiwekwa pamoja, na zote zikiwa nzito, kwa mbali huchanganyika. Tena wako watu ambao macho yao hayazitofautishi kabisa. Mtakaopaka rangi za bendera, fanyeni nyeupe iwe nyingi kuliko zote, nayo nyekundu na kijani ziishi mbalimbali.

Boneti, au kapo kama wengi tusemavyo Bujumbura, ina sheria yake. Datsun 240Z nilizozitaja zilikuwa nyekundu, lakini boneti zake zilikuwa nyeusi isiyong'aa. Wengine wakaiga wakidhani ni urembo. Sababu ni jua: boneti inayong'aa humrudishia dereva mwanga machoni. Paa, kinyume chake, liwe jeupe, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto, na watu wawili waliovaa nguo nzito za kuzuia moto katika bonde la ziwa wana joto la kutosha.

Kisha kuna rangi zisizo za hiari, zilizowekwa na sheria. Mahali pa kuzimia umeme kwa nje huwekwa pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na alama nyekundu ya radi. Mahali pa kufungulia kizima-moto huwekwa duara jeupe lenye ukingo mwekundu na herufi E nyekundu. Ndoana za kuvutia motokaa hupakwa manjano, nyekundu au rangi ya machungwa. Ndani ya motokaa hukaa ubao wenye maandishi mekundu ya SOS upande mmoja na ya kijani ya OK upande wa pili, na pembetatu nyekundu ya kuwekwa njiani angalau mita 50 kabla ya motokaa iliyokwama. Mwokoaji hana nafasi ya kutafuta. Kwa hiyo usipake pambo jekundu karibu na alama nyekundu, wala usiweke tangazo la buluu kando ya pembetatu ya buluu.

Neno moja la kazi: chora mpango wako kwa kufuata mipaka ya vipande vya bodi. Mlango uwe na rangi yake, na bampa yake. Motokaa ya rali hubadili milango kama mtu abadilivyo mashati, na mchoro mmoja unaotambaa toka pua hadi mkia utakulazimu kupaka upya ubavu mzima kila mara. Paka rangi moja ya msingi, kisha mengine yawe ya stika zinazobandukika. Na umbo la motokaa lenyewe liwe lile ambalo mlango wake, taa yake na kioo chake vinapatikana Buyenzi siku yoyote. Petroli ilipoadimika mjini mwaka 2022 na miaka iliyofuata, wengi wetu tulijifunza kwamba kinachotegemea kufika kutoka mbali chaweza kukuacha umesimama.

Na kwa wale watakaopiga rangi kwa mikono yao, naomba sana wasikilize. Rangi ngumu za siku hizi, zinazochanganywa na dawa ya kuzikausha, zina kemikali iitwayo isosayaneti. Moshi wake ukivutwa waweza kumletea mtu pumu isiyopona, na kitambaa puani hakiuzuii. Wako mafundi hodari wanaokohoa leo kwa sababu hapana aliyewaambia. Kama hamna barakoa inayoleta hewa safi kutoka nje, mpelekeeni kazi aliye nayo, au mtumie rangi isiyohitaji dawa hiyo, hata kama mng'ao wake ni mdogo.

Niliahidi kusema mimi ningechagua nini. Ningechukua saluni ya kawaida isiyo na kutu, isiyo na bawa wala puti. Fedha ya kwanza ningeitia katika kizimba, viti na mikanda. Ya pili katika breki, tairi na shokamzoba. Ya tatu katika alama za sheria. Ile iliyobaki, hata ikiwa ndogo, ingenunua rangi nyeupe ya msingi, boneti nyeusi isiyong'aa, na mkanda mmoja mpana wa manjano au wa machungwa ubavuni, unaoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mtu hatauliza ni motokaa ya nani nzuri vile. Atakayeuliza ni yule aliye juu ya kona, akitafuta kwa macho mahali wenzake walipoangukia. Naye atapata jibu mara moja.